Siku Tatu za Yusta

Kijiko kilikuwa kikizunguka ndani ya kikombe cha bati: ngri, ngri, ngri. Kilizunguka taratibu, kama cha mtu anayekoroga sukari huku akili yake yote iko kwenye maneno anayoambiwa. Jonas Shekiondo aliisikia sauti hiyo kwenye simu. Yeye alikuwa ameketi ofisini katika nchi ya joto na mchanga, na mwenye kijiko alikuwa Mtae, kijiji kilichokaa kwenye ncha ya milima ya Usambara. Sukari bila shaka ilikuwa imeyeyuka zamani, lakini kijiko hakikukoma. Imepita miaka kumi na moja. Jonas amesahau majina ya watu wakubwa aliowafungulia milango ya magari, amesahau hata njia ya kutoka ofisini hadi uwanja wa ndege. Kijiko hajakisahau.

Siku hizi anaishi Ubiri, si mbali na mji wa Lushoto, kwenye shamba alilorithi kwa baba yake. Ana miti ishirini ya matunda damu, zile plamu nyekundu za milimani, mipichesi michache, na matuta ya karoti yanayoshuka bondeni kama ngazi. Watu wanamwita Balozi. Hakuwahi kuwa balozi. Alikuwa afisa mdogo tu katika ubalozi, lakini mtu aliyekaa nje ya nchi miaka ishirini na sita na kurudi na suti nne, kijijini watamwitaje?

"Balozi, leo tunawakilisha nchi gani?" Hassani humuuliza kila anapokuja kununua matunda ya kupeleka Mombo, chini kwenye barabara kuu.

"Leo ni Jamhuri ya Tumbili. Wamemaliza mti mzima."

"Basi andika barua ya malalamiko. Si ndiyo kazi yenu?"

"Nimeandika. Wanasema wameipokea, wanaishughulikia."

Hassani hucheka mpaka kapu linamponyoka. Jonas naye hucheka, ila kwa upande mmoja wa mdomo, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyoyasema maisha yake yote. Tumepokea. Tunashughulikia. Tutawaarifu.

Alikuwa anapenda kueleza, akiulizwa na mtu mwenye subira, kwamba ubalozi una milango miwili. Wa mbele ni wa bendera. Hapo balozi hupokea wageni, hupeana mikono, husema habari za nchi kwa maneno yaliyopigwa pasi. Mlango wa nyuma ulikuwa wake yeye. Hapo waliingia waliopoteza pasi, mabaharia walioachwa bandarini na meli zao, wanafunzi waliofukuzwa vyumbani, mabinti waliokimbia nyumba walizofanyia kazi wakiwa na kandambili za bafuni miguuni. Na wengine hawakuingia kwa miguu yao, zililetwa habari zao tu: fulani yuko gerezani, fulani yuko hospitali, fulani amefariki.

Jonas aliiheshimu kazi ile. Alipiga pasi shati lake mwenyewe kila asubuhi, maana mtu wa nchi ile akimtazama yeye anaitazama Tanzania, na Tanzania haiwezi kuwa na kola iliyojikunja. Kijana mpya alipoletwa kusaidia, Jonas alimwambia siku ya kwanza, "Hapa wewe si wewe. Ukikasirika, nchi imekasirika. Ukiahidi, nchi imeahidi." Yule kijana aliandika kwenye daftari. Jonas angeweza kumwambia pia asiandike, bali aogope.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa simu za kwenda nyumbani. Utaratibu wa ofisi ulisema wazi: mjulishe ndugu wa karibu, taja jina kamili la marehemu, tarehe, mahali, sababu ya kifo, kisha eleza taratibu za kusafirisha mwili. Jonas aliusoma utaratibu huo, akauweka kwenye droo. Alikuwa mtoto wa Usambara. Kwao mtu hafi kwenye simu. Kwenye simu huzidiwa.

Yeye mwenyewe aliambiwa hivyo akiwa shule ya bweni, kidato cha tatu. Mwalimu wa zamu alimwita akamwambia baba yako amezidiwa, funga vitu vyako. Hakuuliza swali hata moja. Alipopanda mlima kutoka Mombo alikuwa tayari anajua, na alipofika na kuona watu wamejaa uani, wanawake wamefunga kanga viunoni na moto mkubwa umewashwa nje, ndipo neno lenyewe lilipomfikia, na tayari kulikuwa na mikono mingi ya kumshika. Ndivyo inavyofanywa. Unatuma kwanza neno dogo, kisha unatuma watu, na neno kubwa huja mwisho, likiwa limezungukwa na watu.

Basi yeye alipiga simu mbili kila mara. Ya kwanza kwa mama au mume au kaka: mgonjwa wetu amezidiwa. Ya pili kwa mchungaji, au shehe, au mwalimu mkuu wa pale: bwana, hali ni hii, nendeni. Kabla jua halijazama nyumba ile ilikuwa imejaa. Kwa miaka mingi njia hiyo haikumwangusha.

Yusta alikufa Jumatatu, tarehe kumi na moja ya mwezi wa tatu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, akifanya kazi za ndani katika nyumba ya familia moja. Aliamka asubuhi analalamika kifua, saa nane mchana alikuwa amefariki, na daktari aliandika moyo. Jonas aliona kwenye pasi mahali pa kuzaliwa, Lushoto, akalisoma jina hilo mara mbili kabla ya kugeuza ukurasa. Ndugu wa kuarifiwa: mama, Efrazia, na namba ya simu.

Alipiga jioni hiyo hiyo. Alimwamkia kwa Kishambaa, kisha akaendelea kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa na maneno ya kujificha. Alijitaja kuwa ni wa ubalozini. Akasema, "Mama, Yusta amezidiwa. Yuko hospitali."

Ndipo aliposikia kijiko. Kilizunguka, kikazunguka, kisha kikanyamaza.

"Yuko macho?" mama aliuliza.

Jonas hakuwa amejiandaa kwa swali. Waliozoea huwa hawaulizi. "Hali si nzuri, mama," alisema.

"Baba, nisikilize. Sisi tuliachana vibaya. Nilimwambia akiondoka asinihesabu kuwa mama. Aliondoka alfajiri, hata mlango hakuufunga kwa nguvu, aliurudishia tu. Mwambie yale maneno nimeyafuta. Mwambie mimi ni mama yake, na mlango uko vile vile alivyouacha. Utamwambia?"

"Nitamwambia, mama."

"Leo."

"Leo."

Alipokata simu hiyo alimpigia mchungaji wa usharika wa Mtae. Mchungaji alikuwa Lushoto kwenye kikao cha kanisa, na masika ya mwaka ule yalikuwa yameanza kwa hasira. Udongo ulikuwa umeporomoka ukafunga njia, na hakuna gari lililopanda. Nitafika kesho, alisema. Mwalimu mkuu hakupatikana kwenye simu. Kaka wa Yusta, Alen, alikuwa mbali, kwenye mashamba ya chai upande wa Amani, na namba yake hakuna aliyekuwa nayo. Mama alikuwa peke yake nyumbani. Jonas aliwaza, kesho si mbali.

Lakini kesho yake njia haikufunguka. Mama alibipu mara tatu, kila mara mlio mmoja tu kisha kimya, kama mtu anayegonga dirisha kwa ukucha. Jonas alimpigia.

"Umemwambia?"

Ofisi ilikuwa imejaa. Ugeni kutoka nyumbani ulikuwa unaingia usiku ule, watu kumi na mmoja, na juu ya meza ya Jonas kulikuwa na bendera ndogo za kupanga kwenye meza ya mazungumzo, na kadi za majina, na orodha ya vyumba. Alitazama bendera zile akasema, "Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Hana nguvu ya kusema, mama. Lakini alinibana mkono."

Alisikia upande wa pili pumzi inatoka, ndefu, pumzi ya mtu aliyetua mzigo. "Asante, baba," alisema. "Alikuwa anabana hivyo tangu mdogo. Sindano ya chanjo, alinibana mpaka kucha zikaingia."

Siku ya tatu Jonas alipata kibali cha kuingia chumba cha maiti. Alikikunja akakiweka mfukoni mwa shati. Alikuwa ameamua jambo: angeenda kusimama kando ya yule binti, amwambie maneno ya mama yake, kwa Kishambaa, neno kwa neno. Ingekuwa kuchelewa, lakini isingekuwa uongo mtupu. Saa tano mkuu wake alimwita. Masanduku mawili ya wageni hayakuwa yamefika, na ndani ya moja kulikuwa na hotuba. "Shekiondo, kimbia uwanja wa ndege." Alikaa huko mpaka saa mbili usiku akisaini fomu za masanduku. Alipokwenda asubuhi yake, jeneza lilikuwa limeshafungwa kwa bati na kuchomelewa pembe zote, kama sheria za ndege zinavyotaka. Kilichobaki ni lakiri ya ubalozi. Aliipiga. Wachukuzi wawili walikuwa wamesimama wanasubiri, mmoja anatazama saa. Jonas aliweka kiganja juu ya bati, akafungua mdomo, akaona haya, akaufunga.

Siku hiyo hiyo, Alhamisi tarehe kumi na nne, mchungaji alifika Mtae kwa miguu akiwa na wazee wawili, matope hadi magotini. Wakamwambia Efrazia kwamba Yusta ametutoka. Hawakusema lini. Yeye hakuuliza, kwa sababu alijua: jana alikuwa anaumwa, leo amekufa. Jeneza likaja na barua yenye tarehe ya kifo, isemayo lisifunguliwe. Barua ile Jonas aliiandika mwenyewe, akatia sahihi chini ya maneno kwa niaba ya balozi.

Basi hayo ndiyo aliyostaafu nayo. Hakumwambia mtu, hata mkewe Marta, ambaye miaka yote ile alibaki Ubiri na watoto.

Jumatano moja ya mwezi wa kwanza, matunda damu yakiwa yameiva mpaka nyuki wanalewa, aliingia uani mwanamke mzee na mwanamume wa makamo. Mwanamke alikuwa mwembamba, kanga ya pili ameitanda mabegani kwa ajili ya ukungu, mkononi chupa ya asali na mfuko wa maharage. Jonas alishuka kwenye ngazi aliyokuwa anachumia.

"Shikamoo, mama."

Mwanamke alifumba macho. "Hebu sema tena."

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ni ile ile." Akamgeukia mwenzake. "Sikukuambia nitaijua? Sauti ni ile ile." Kisha kwa Jonas, akitabasamu kama mtu aliyefika kwa ndugu, "Mimi ni Mama Yusta. Wa Mtae. Na huyu ni Alen, kaka yake."

Mdomo wa Jonas ulifanya kazi peke yake, kama ulivyofundishwa: karibuni, karibuni ndani, poleni na safari, Marta, tuna wageni.

Walipoketi sebuleni mama aliweka asali mezani. "Ya msitu wa Shagayu hiyo. Nilisema siku nikimwona uso kwa uso yule aliyemshika mwanangu mkono, siendi mikono mitupu. Ni huyu tu alikuwa hataki kunileta."

"Si sikutaka, mama," Alen alisema. "Nilikuwa sijui anakaa wapi. Mpaka fundi aliponiambia kuna Balozi huku Ubiri."

"Fundi gani?" Marta aliuliza, akipanga vikombe.

"Wa makaburi, pale mjini. Tunamjengea Yusta. Vigae tayari, msalaba tayari, limebaki jiwe la maandishi. Fundi ana patasi mkononi, anataka tarehe. Na tarehe ndiyo vita nyumbani kwetu."

"Vita umeanzisha wewe," mama alisema. "Muulize. Muulize mbele yangu. Huyu, Marta mwanangu, anataka kumwua dada yake kabla ya siku yake."

"Mimi sikatai, mama. Karatasi ndiyo inayokataa." Alen alitoa bahasha ya nailoni, na ndani yake karatasi, ile barua ya jeneza, ambayo Jonas aliitambua kabla haijakunjuliwa, kwa sababu ya mhuri. "Nimeikuta sandukuni kwake, chini ya kitenge. Nikampa mwalimu asome. Imeandikwa kumi na moja. Mama anasema kumi na nne. Nikasema tufuate karatasi. Tangu siku hiyo, mzee, miezi miwili sasa, hali chakula cha kwangu. Mke wangu anapika anapeleka, sahani inarudi kama ilivyokwenda."

"Nile cha mtu anayeniibia siku tatu?" Mama aliuliza bila hasira. "Mwanangu," alimwambia Jonas, "karatasi imeandikwa na watu wasiomjua. Mtu anaweza kukosea akaandika moja. Lakini wewe ulikuwepo. Jumatatu ulinipigia, yuko hospitali. Jumanne ukampa maneno yangu, akakubana mkono. Jumatano nilifunga, sikula wala sikunywa, nilimwombea kuanzia alfajiri. Alhamisi Mungu akamchukua, akiwa amesikia. Sasa huyu anasema alikufa Jumatatu. Kama alikufa Jumatatu, nani alikubana mkono? Mwambie aandike kumi na nne, tupumzike."

Jonas alisema analeta maji, ingawa chai ilikuwa mezani, akaingia jikoni. Marta alimfuata.

"Una nini? Umekuwa rangi ya majivu."

Alimwambia. Alimwambia yote kwa maneno machache, akiwa ameshika ukingo wa meza, na ilichukua muda mfupi kuliko alivyowahi kudhani. Marta alisikiliza huku anafuta sahani ambayo ilikuwa kavu.

"Mpe kumi na nne," alisema mwishoni.

"Marta."

"Mpe. Jiwe litamfanya nini? Unaona umri ule? Mwache mama wa watu na siku zake tatu. Wewe ulimpa, sasa unataka kwenda kumnyang'anya?"

"Na yule mtoto wake? Anaonekana mwongo kwa mama yake. Sahani zinarudi."

"Atasamehewa. Watoto husamehewa."

"Na mama akifa akiamini mwanawe aliyebaki ndiye mwizi?"

Marta aliiweka sahani chini. "Ulipokuwa huko," alisema, "nilikuwa nawaambia watoto baba yenu anawasaidia watu. Nilikuwa nasema hivyo tu, sijui unafanya nini. Nenda basi. Lakini usimwambie umesimama. Kaa chini kwanza."

Jonas alirudi akakaa. Hakukaa kwenye kiti chake, alivuta kigoda akakaa chini ya usawa wa macho ya mama, magoti yamepanda juu kama ya mtoto. Mama alimtazama, na uso wake ulianza kubadilika kabla hajasema neno. Watu wa milimani wanakijua kigoda hicho, ndicho cha kuletea habari za msiba.

"Mama," alisema, "karatasi haikukosea."

Nje Hassani alikuwa amefika, akaita hodi mara moja. Marta akatoka haraka kumzuia.

"Nilipokupigia Jumatatu jioni, Yusta alikuwa ameshaondoka. Tangu saa nane. Niliposema amezidiwa nilikuwa nasema kama tunavyosema huku. Nilijua utaelewa. Nilimpigia mchungaji aje na watu, na njia ilikuwa imefungwa."

Mama alibaki ameshika kikombe. "Jumanne?"

"Jumanne alikuwa kwenye chumba cha baridi."

"Na mkono?"

"Hakukuwa na mkono, mama. Niliutunga. Ulikuwa peke yako, nikaogopa."

Alen aliinamisha kichwa. Alikuwa ameshinda, na hakuna mtu aliyewahi kushinda akiwa na uso kama ule. Alinyoosha mkono amguse mama yake begani, na mama akauacha mkono ule pale bila kuutazama.

Mama alipozungumza ilikuwa kama anaeleza jambo la shambani, mbegu iliyopandwa vibaya. "Angekuwa jirani ameniambia ningejua. Mama Shukrani wa pale chini angekuja akasema Yusta amezidiwa, kikombe kingeanguka. Sisi wote tunajua. Nimewaambia watu wengine hivyo hivyo mimi mwenyewe, nikawasindikiza. Lakini wewe ulisema ni ubalozi. Nikasema hii ni serikali. Serikali haisemi kama sisi. Serikali ikisema mtu anaumwa, basi anaumwa." Akatikisa kichwa. "Nilikuwa nakoroga chai nikajiambia, afadhali. Afadhali imenipigia serikali, ingekuwa mtu wa kawaida, Yusta angekuwa amekufa."

"Nisamehe, mama."

"Ngoja kwanza." Hakusema kwa ukali. "Jumatano nilifunga. Nilikuwa namwomba Mungu afanye nini?"

Mama hakungoja jibu. Alikuwa akizihesabu zile siku upya, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kama mtu anayepita vyumba vya nyumba yake baada ya mafuriko, akitazama kilichobaki katika kila chumba. Midomo ilicheza kidogo. Kisha akamwambia Alen, "Mpigie fundi. Mwambie kumi na moja."

"Tutampigia baadaye, mama. Si lazima leo."

"Mpigie. Ameshika patasi." Na Alen aliposimama kwenda mlangoni kutafuta mtandao, akaongeza, "Na mke wako mwambie leo nitakula kwenu."

Alen alitoka. Alisikika kibarazani akitaja tarehe, na akaitaja mara ya pili, kwa sababu fundi alikuwa hasikii vizuri.

Mama aliweka kikombe mezani kando ya asali. Alimtazama Jonas kwa mara ya kwanza tangu aliposikia, na hakukuwa na chuki katika macho yale. Jonas angependa iwepo. Kulikuwa na mahangaiko tu, ya mtu aliyepoteza kitu njiani na anarudi nyuma taratibu, akitazama kila mahali alipokanyaga.

"Yale maneno," alisema. "Niliyokupa. Nimeyafuta, mimi ni mama yake, mlango uko vile vile. Kama yeye hakuyasikia, yalikwenda wapi? Ulimwambia hata akiwa amelala vile, kabla hawajamfunga?"

Jonas alikuwa na majibu mengi yaliyokaa tayari mdomoni, ya miaka ishirini na sita. Kulikuwa na ugeni. Kulikuwa na masanduku. Kulikuwa na utaratibu wa bati na saa ya ndege, na wachukuzi wawili wanaosubiri. Yote yalikuwa kweli. Alitafuta kati ya hayo yote neno moja ambalo lilikuwa lake mwenyewe na si la ofisi, na lilipopatikana lilitoka dogo sana, hata yeye hakuwa na uhakika kama limefika upande wa pili wa meza.

"Hapana," alisema. "Ninayo mimi, mama. Sikuyafikisha."